Mfalme mmoja, namba mbili: siasa iliyojificha kwenye chenji za Wabaski

Chukua sarafu ya shaba iliyofuliwa Pamplona, kaskazini mwa Hispania, miaka ya 1820, ile ndogo ya maravedí tatu. Haina la kumvutia mtu. Haikutosha kununua cha maana hata enzi zake, na wauzaji wa sarafu za kale leo huitupia kwenye kasha pamoja na nyingine za bei ya chini. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme Fernando, pua ndefu, kidevu kizito. Upande wa pili kuna ngao yenye minyororo na taji juu yake, na maneno CHRISTIANA RELIGIO. Ukikizungusha kile kipande polepole ukasome herufi za pembeni ya kichwa, unakuta FERDIN. III. D. G. NAVARRAE REX: Fernando wa Tatu, kwa neema ya Mungu mfalme wa Navarra.

Sasa chukua sarafu ya miaka hiyohiyo kutoka Segovia. Uso ni uleule na pua ni ileile. Maandishi yanasema FERDIN. VII. D. G. HISP. REX, Fernando wa Saba, mfalme wa Hispania.

Ni mtu mmoja. Akilala Madrid ni wa saba, chenji yake ikifika Pamplona ni wa tatu. Wakusanyaji wengi wa sarafu huliona jambo hili kama kichekesho cha historia, wakaliandika kwenye daftari na kupita. Mimi naliona ndilo jambo lenyewe. Historia yote ya sarafu katika nchi za Wabaski, kwa pande zote mbili za milima ya Pyrenees inayotenganisha Hispania na Ufaransa, unaweza kuisoma kwa kufuata namba na majina yaliyochorwa kwenye vipande hivi, ukaachana kabisa na habari za dhahabu na hazina. Dhahabu huko haikuwa nyingi. Kilichokuwapo kwa wingi ni mabishano juu ya nani ana haki ya kuandika nini kwenye shaba.

Hesabu yenyewe ni hivi. Navarra, ambayo mji wake mkuu ni Pamplona, ilikuwa ufalme kamili, wenye wafalme wake, baraza lake la Cortes na sheria zake zinazoitwa Fuero. Mwaka 1512 majeshi ya Fernando Mkatoliki yaliuteka, na mwaka 1515 ukaunganishwa na Kastilia, ufalme ulio kiini cha Hispania. Lakini waliouunganisha walikubali usemi kwamba zimeungana falme mbili zilizo sawa, kila moja na sheria zake. Kwa usemi huo, mfalme wa Kastilia akivuka mto Ebro anavua namba moja na kuvaa nyingine. Fernando aliyeteka alikuwa wa kwanza wa jina hilo huko Navarra, kwa hiyo Fernando VI wa Madrid ni wa pili, na Fernando VII ni wa tatu. Kwa akina Felipe mambo yanakwenda kinyume. Navarra ilikwisha kuwa na Felipe watatu wa ukoo wa Kifaransa katika Zama za Kati, hivyo Felipe II maarufu, yule wa meli za Armada, Pamplona alikuwa wa nne. Carlos III wa Madrid ni Carlos VI. Mwanawe Carlos IV ni Carlos VII. Weka hiyo Carlos VII akilini, tutairudia.

Mtu atauliza: watu waliotekwa, wenye jeshi la mfalme kwenye ngome na makamu wa mfalme akiwakalia kichwani, wanapata faida gani kwa namba? Swali zuri, na majibu mawili yanayotolewa mara nyingi hayanitoshi. Wazalendo wa Kibaski wanapenda kuzionyesha sarafu hizi kama bendera ndogo za uhuru, ushahidi kwamba Navarra haikuwahi kusalimu amri. Wahispania wa serikali kuu wanasema ni pambo tu, kama vyeo vingi visivyo na kazi ambavyo wafalme wa Ulaya walijirundikia. Wote wawili wanaitazama ngao na kuusahau mkono uliotoa sarafu mfukoni.

Sarafu ya Navarra ilikuwa mkataba kabla haijawa kitu kingine chochote. Katika karne ya 12 na 13, Sancho VI na mwanawe Sancho VII walifua vipande vidogo vya fedha iliyochanganywa na shaba, watu wakaviita sanchete, kwa jina la mfalme. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande mwingine mwezi mwandamo na nyota. Vikalipia kodi za mashamba, faini na mahari. Sasa, mfalme yeyote mwenye sarafu ana kishawishi kimoja kikubwa. Akipungukiwa pesa za vita, anaita sarafu zote zirudi, anaziyeyusha, anaongeza shaba kidogo, anazifua upya kwa jina lilelile na thamani ileile, na ile fedha iliyobaki inaingia kwenye kasha lake. Hahitaji kumtuma mtoza kodi hata mmoja. Mkulima anaamka asubuhi akiwa na idadi ileile ya vipande, na sehemu ya mali yake imekwisha kuondoka.

Watu wa Navarra waliujua mchezo huo. Ndiyo maana viapo vya wafalme wao wa karne ya 13 vinagusa sarafu waziwazi: mfalme mpya akishafua sarafu yake, aisimamishe miaka 12 bila kuichezea. Kwa upande wao, raia walilipa ushuru maalumu ulioitwa monedaje, mfalme akipokea kwa sababu ya haki yake ya kufua. Kwa maneno mengine, walikuwa wakimlipa mfalme asiwaibie. Daftari za ushuru huo zimebaki. Zile za karibu na mwaka 1350, zilizoandikwa wakati Tauni Nyeusi imetoka tu kupita mwaka 1348, zinaorodhesha kaya kwa kaya, na wanahistoria wanazitumia leo kuhesabu nyumba zilizobaki na watu. Ushuru wa kulinda sarafu umekuwa sensa ya waliopona.

Na aliyeupokea mwaka ule wa 1350, Carlos II, ndiye aliyekuja kukivunja kile kiapo kuliko wote. Wafaransa walimpa jina la Mbaya. Alikuwa na mashamba Normandy, alikuwa na madai ya kiti cha Ufaransa, na alikuwa na vita visivyokwisha. Viwanda vyake vilifua dhahabu na fedha, na vikafua mchanganyiko ambao kila mara ulizidi wekundu wa shaba. Ni yeye huyohuyo aliyeunda mwaka 1365 chombo cha kukagua hesabu za ufalme, Cámara de Comptos. Sijui kama kuna kejeli nzuri kuliko hii katika historia ya fedha za umma: mharibifu mkuu wa sarafu ndiye baba wa wakaguzi.

Tutue kidogo hapo kiwandani, kwa sababu neno "kiwanda" linaweza kutupotosha. Hadi zama za mashine, mahali pa kufulia sarafu palikuwa karakana ya mhunzi yenye mlango mzito kuliko kawaida. Palikuwa na tanuri la kuyeyushia, na mtu wa kupima usafi wa fedha ambaye saini yake ilikuwa na thamani kuliko ya kasisi. Palikuwa na gogo lililochimbiwa ardhini, na kwenye gogo hilo kumepachikwa chapa ya chini, kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyumenyume. Mfuaji anaweka kidonge cha madini juu ya chapa hiyo, anashika chapa ya juu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anapiga nyundo. Pigo moja, ikibidi mawili. Pigo likienda upande, jina la mfalme linakatika nusu. Chapa ya juu ndiyo inayopokea nyundo, kwa hiyo hupasuka mapema, na mchongaji hana usingizi. Shaba za Navarra za karne ya 17 na 18 zilitoka hivyohivyo, zimekatwa kwa mkasi, zina kona badala ya duara, herufi zimeangukia nje. Kuna watu hawazipendi kwa ubaya wake. Mimi nazipenda kwa hilo: unaona mkono umechoka jioni.

Baada ya kutekwa, kazi hiyo ilihamia kwenye jumba la mawe katika mtaa unaoitwa leo Ansoleaga, Pamplona, jumba lilelile lililonunuliwa mwaka 1524 kwa ajili ya wakaguzi wa Comptos. Na hapa ndipo ile namba ya mfalme inapopata maana yake ya mfukoni. Sarafu kubwa za Navarra baada ya 1512 ni chache, ukiondoa mara za fahari kama 1652. Fedha na dhahabu zilitoka Kastilia, na nyuma ya Kastilia kuna Amerika. Kilichobaki Pamplona ni shaba: cornado, na maravedí yenye thamani ya cornado mbili. Lakini shaba ndiyo sarafu ya maskini. Na katika karne ya 17 Kastilia iliichezea shaba yake vibaya mno, ikaipiga mihuri kuipandisha, ikaishusha, ikaipandisha tena, hadi bei zikapoteza mwelekeo. Ufalme wenye shaba yake na hesabu yake (reale moja ya Navarra ilikuwa maravedí 36, ya Kastilia 34) ulikuwa na boma, hata kama boma lenyewe lilikuwa na matundu. Baraza la Cortes lilipogombana na makamu wa mfalme juu ya nani aruhusu shaba mpya kufuliwa, na kiasi gani, halikuwa linapigania namba tatu dhidi ya saba. Namba ilikuwa alama tu kwamba shaba hii imepitia baraza hili.

Kwa hiyo wazalendo wana haki nusu. Boma lilikuwapo. Lakini lilijengwa na wenye mali wa Navarra wakiwa mezani na mfalme yuleyule aliyewateka, wakibadilishana naye kodi kwa upendeleo. Uhuru haukuwa sehemu ya mazungumzo.

Upande wa kaskazini wa milima, hadithi ileile ilikwenda kwa njia nyingine. Wafalme wa Navarra waliofukuzwa walibaki na kipande kidogo, Navarra ya Chini, na kiwanda cha sarafu katika mji wa Saint-Palais, ambao kwa Kibaski unaitwa Donapaleu. Mwaka 1589 mfalme wao Henri akawa mfalme wa Ufaransa. Alikuwa Henri III wa Navarra, na sarafu za baadaye za Saint-Palais zinamwita wa nne: namba ya Kifaransa imeshinda. Mwanawe akauunganisha ufalme huo na Ufaransa mwaka 1620, na kiwanda chenyewe hakikuivuka karne. Lakini jina halikufa, na hapa kuna jambo la kustaajabisha. Sarafu za kifalme kutoka Paris, Lyon, Lille, popote pale Ufaransa, ziliendelea kuandika FR. ET NAV. REX, mfalme wa Ufaransa na Navarra, hadi miaka ya Mapinduzi, enzi za Louis XVI. Mvuvi wa Bretagne ambaye hakujua Navarra iko wapi aliibeba mfukoni maisha yake yote.

Linganisha. Kusini, Navarra ilikuwa na namba yake, shaba yake, hesabu yake, na haikusikika nje ya mipaka yake. Kaskazini ilikuwa na jina lililoenea taifa zima na haikuwa na kitu kingine. Ukiniuliza ningechagua lipi, ningechagua ile shaba mbaya yenye kona.

Bayonne ni habari tofauti. Mji huo wa pwani, wa Wabaski na Wagascon, ulifua sarafu za Waingereza walipoutawala katika Zama za Kati na za Wafaransa walipouchukua, na tangu Mfalme François I alama yake ni herufi L. Ukiona écu ya fedha ya Louis XIV au Louis XV yenye L chini ya ngao, imetoka huko. Siri ya ukubwa wa Bayonne ilikuwa jiografia tupu. Fedha ya Amerika iliingia Hispania, na Hispania haikuweza kuishika. Ikavuka mpaka mchana kwa biashara na usiku kwa magendo, na mji wa kwanza wenye tanuri ulikuwa Bayonne. Piastre, zile sarafu kubwa za fedha za Kihispania, zikaingia upande mmoja, Louis akatoka upande wa pili.

Na fedha hiyo ya Amerika, nani aliichimba na nani aliisimamia? Katika mji wa Potosí, Bolivia ya leo, mwanzoni mwa karne ya 17, Wabaski walikuwa wachache kwa idadi na wengi kwa nguvu. Walishika vinu vya kusaga mawe ya fedha, walishika viti vya halmashauri ya mji. Chuki ikapanda hadi kati ya 1622 na 1625 mitaa ikamwagika damu katika vita vya Wabaski na wapinzani wao walioitwa Vicuña, kwa sababu ya kofia zao za manyoya ya mnyama huyo. Nyuma ya wote hao, chini ya mlima, walikuwa wenyeji wa Andes waliolazimishwa kuchimba kwa zamu, na hao hawakuchapwa jina kwenye sarafu yoyote.

Msomaji wa pwani yetu ana haki ya kulitazama hili kwa karibu. Reale zilizofuliwa katika viwanda vya Amerika zilizunguka dunia, nyingine zikafika Zanzibar na Lamu. Wazee waliitofautisha reale ya Sham, ile ya Malkia Maria Theresa, na reale ya mzinga. Mzinga? Sarafu ya Kihispania ilikuwa na nguzo mbili, nguzo za Hercules kwenye mlango wa Mediterania, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wakazitazama na kuona mizinga miwili. Waliona sawa kuliko walivyojua. Neno lenyewe, reale au riyali, Wabaski wanalo pia, ila midomo yao haikubali kuanza neno kwa sauti ya r, kwa hiyo wanasema erreal. Na neno lao la kawaida la pesa, diru, ni denarius ya Warumi, ileile iliyopita kwa Waarabu ikatufikia sisi ikiwa dinari.

Kwa kuwa nimewataja Warumi, niseme mawili matatu ya kale, haraka. Miaka mia moja hivi kabla ya Kristo, bonde la Pamplona na jirani zake zilikuwa na sarafu zilizofuliwa kwa mtindo ulioenea Iberia: kichwa chenye ndevu upande mmoja, mpanda farasi upande wa pili, na chini ya farasi maandishi ya mwandiko wa Kiiberia. Moja ya maandishi hayo husomwa barskunes, na wasomi wengi wanaliunganisha na jina la kabila la Vascones. Hizi zinapendwa sana na watu wanaotaka sarafu ya kwanza ya Kibaski. Taratibu kidogo. Waliolipwa zaidi kwa denari hizo walikuwa askari wa vita vya Sertorius, Mrumi aliyeasi Roma, na fedha ilifuliwa kwa sababu askari wanadai mshahara. Lililonigusa mimi ni dogo zaidi. Mwaka 2021, kwenye kilima cha Irulegi, kijiji kilichoteketezwa katika vita hivyo, wachimbaji waliopoa mkono wa bati la shaba nyeusi wenye maneno yaliyochongwa. Miongoni mwa herufi zake kuna alama kama T ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikijulikana tu kwenye sarafu za eneo hilo. Kwa miaka mingi chenji ndiyo iliyokuwa imeihifadhi herufi hiyo peke yake.

Turudi kwa Carlos VII.

Mwaka 1833 Fernando, yule wa tatu na wa saba, alikufa bila mtoto wa kiume. Ndugu yake Carlos alikataa kiti kiende kwa binti mdogo Isabel, na vita vya Wakarlisti, wafuasi wa huyo Carlos, vikaanza, vikiwa na mizizi mirefu zaidi Navarra na mikoa ya Wabaski. Walipigania dini, walipigania mfalme, na kadiri miaka ilivyokwenda walipigania Fuero, zile sheria za kale. Walishindwa mara ya kwanza. Mwaka 1841 Navarra ikawa mkoa. Forodha zilizokuwa kwenye mto Ebro zikahamishiwa mpaka wa Ufaransa, na haki ya kufua sarafu ikaisha. Mwaka 1868 ikaja peseta, ya nchi nzima.

Vita vilirudi miaka ya 1870, na mdai mpya, mjukuu wa yule Carlos, akatawala kwa kweli sehemu kubwa ya milima ya Wabaski kwa muda. Akafungua kiwanda cha sarafu Oñati, mji mdogo wa Gipuzkoa wenye chuo kikuu cha karne ya 16. Mwaka 1875 zikatoka shaba za sentimo tano na kumi. Ni nzuri kuzitazama, duara safi, kichwa chenye ndevu. Zinasema CARLOS VII, kwa neema ya Mungu mfalme wa Hispania zote.

Carlos wa Saba! Huko Pamplona, Carlos wa Saba alikwisha kuwapo, naye ni Carlos IV wa Madrid. Kwa hesabu ya Navarra, babu wa mdai huyu angekuwa wa nane, ami yake wa tisa, na yeye mwenyewe wa kumi. Jeshi lililojaa vijana wa Navarra, linaloimba Fuero na kumwaga damu kwa ajili ya sheria za mababu, lilipopata nafasi ya kufua chenji yake lilitumia namba ya Kastilia, na kwa lugha ya Kastilia. Sidhani kuna waraka unaoeleza Wakarlisti vizuri kuliko hiyo shaba ya sentimo kumi. Walitaka Fuero kama zawadi ya mfalme wa Hispania nzima. Watu wa baraza la Pamplona wa miaka mia moja kabla yao wangemrudishia mchongaji chapa zake.

Sarafu ya mwisho ya nchi hizi haina mfalme kabisa. Oktoba 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, Jamhuri ya Hispania iliwapa Wabaski mamlaka ya ndani, na José Antonio Aguirre akaapa chini ya mti wa Gernika. Tatizo la kwanza la serikali yake lilikuwa la kila vita: fedha nzuri ilijificha. Kila mwenye peseta ya fedha aliizika. Muuza mkate hana chenji, kondakta hana chenji. Ikatolewa karatasi ya dharura kupitia benki za Bilbao, na watu, kwa utani wa hali ngumu, wakaiita eliodoro, kwa jina la waziri wa fedha wa serikali hiyo, Eliodoro de la Torre. Kwa chenji wakaagiza Ubelgiji sarafu za nikeli za peseta moja na mbili, za mwaka 1937. Zina kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya Jamhuri, na maandishi GOBIERNO DE EUZKADI. Gernika ililipuliwa tarehe 26 Aprili mwaka huo, na Bilbao ikaanguka tarehe 19 Juni.

Nimeitazama peseta hiyo mara nyingi kwenye picha, na kinachonisumbua ni neno gobierno. Ni Kihispania. Serikali ya kwanza ya Wabaski katika zama zetu, ikiwa na sarafu yake mkononi, iliandika jina la nchi kwa Kibaski na jina la serikali kwa lugha ya jirani. Ipo sababu: Bilbao ya wakati ule ilikuwa mji wa Kihispania zaidi masikioni, na sarafu ya vita lazima isomwe na kila mtu sokoni. Bado linasumbua. Hao sokoni walikuwa na msamiati wao wa pesa kwa lugha yao. Kipande cha peseta tano walikiita hogerleko, cha ishirini, kwa sababu kilikuwa sawa na reale 20, na hogei ni ishirini, msingi wa kuhesabu wa Kibaski. Waliendelea kukiita hivyo reale zenyewe zilipokuwa zimekwisha kutoweka.

Siku nne baada ya Bilbao kuanguka, utawala wa Jenerali Franco, kiongozi wa waasi dhidi ya Jamhuri, uliifutia mikoa ya Kibaski ya Bizkaia na Gipuzkoa mkataba wa kodi uliokuwapo tangu 1878, ikiwa adhabu ya usaliti. Álava na Navarra, zilizosimama upande wake, zikaachiwa. Hapo ndipo panapoonyesha kwamba ugomvi ulikwisha kuhama. Nguvu iliyokuwa kwenye chapa na nyundo ilikuwa sasa kwenye haki ya kukusanya kodi na kuipelekea Madrid sehemu iliyokubaliwa. Bizkaia na Gipuzkoa zilirudishiwa mkataba mwaka 1981. Leo ukiwauliza wanasiasa wa Bilbao ama Pamplona kitu gani hawatakigusa, watakutajia mkataba huo. Na jumba la mtaa wa Ansoleaga, ambako shaba za wafalme wenye namba mbilimbili zilifuliwa, lina wakaguzi wa hesabu tena, baada ya Cámara de Comptos kuanzishwa upya mwaka 1980.

Upande wa Ufaransa, ambako hakuna mkataba wa kodi wala kitu kinachofanana nao, watu wamejaribu njia ya mlango wa nyuma. Januari 2013 chama cha raia kilitoa eusko, pesa ya karatasi ya mtaani yenye thamani ya euro moja, inayopokewa na maduka yaliyojiunga. Mfanyabiashara akitaka kuibadilisha kuwa euro anakatwa asilimia 5, ili aone ni nafuu kuitumia kwa jirani. Halmashauri ya Bayonne ilipotaka kuitumia kwa malipo yake, mwakilishi wa serikali kuu aliipeleka mahakamani, hadi yakapatikana mapatano mwaka 2018. Noti zake zina Kibaski, jambo ambalo Sancho, Fernando wala Carlos hawakulifanya kwenye sarafu zao, na Aguirre alilifanya kwa neno moja tu.

Ila eusko haina sarafu. Noti ndogo kabisa ni ya moja. Ukinunua mkate Bayonne ukatoa noti ya eusko mbili, kinachorudi kwenye kiganja chako ni senti za euro, nyingine zenye yule mwanamke wa Kifaransa anayetembea akimwaga mbegu. Hizo zimefuliwa Pessac, karibu na Bordeaux. Kiwanda cha Bayonne, chenye herufi L, kilifungwa mwaka 1837.